Semina ya kuchangia figo kwa walimu hapa Moshi: nendeni, ila mjue mnachoendea

Mmeniuliza sana kwenye grupu la wasap kama ile semina ya walimu ya kuchangia viungo ina maana au ni njia nyingine tu ya kula hela za watu, basi naandika hapa mara moja nisije nikajibu mmoja mmoja mpaka usiku. Jibu fupi: nendeni. Elfu kumi na tano, Jumamosi moja, chai na chakula cha mchana humo humo. Jibu refu ni kwamba nusu ya siku ni moto kweli kweli na nusu nyingine ungeweza kabisa kubaki nyumbani unasahihisha madaftari, na shida ni kwamba hizo nusu mbili wamezichanganya, huwezi kuchagua.

Waandaaji siwataji, ni kikundi cha watu wa afya waliojikusanya wenyewe, wana nia nzuri, na haya nayosema nimeshawaandikia kwenye fomu yao ya maoni.

Tumalizane kwanza na mambo ya ukumbi maana najua ndo mnayotaka. Upo Shanty Town, boda kutoka stendi buku mbili, mahali patulivu, choo kisafi na maji yanatoka (walimu mnajua kwa nini nalitaja hili). Tangazo lilisema saa mbili na nusu asubuhi, tukaanza karibu saa nne kwa sababu projekta ilikuja bila waya na kijana aliyetumwa mjini kuutafuta akapotelea huko, na waliotoka Arusha na Usa River walikuwa wameamka alfajiri, we fikiria sura zao. Chai nzuri, ya maziwa, maandazi ya moto na yai. Mchana ndizi nyama ya maana kabisa, lakini waliokuwa nyuma kwenye foleni waliambulia ndizi na mchuzi, na mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu akasema kwa sauti "naona nyama yote imepandikizwa kwenye sahani za mbele". Cheti kilikuja baadaye kwa wasap, tena kama picha, baada ya kusumbuana. Kama unakitaka kwa ajili ya faili lako la kazini uliza mapema kama kina mhuri.

Sasa semina yenyewe.

Ukifika unapewa dodoso, karatasi mbili, maswali ya kuweka tiki. Umewahi kusikia kuhusu kuchangia viungo, ulisikia wapi, uko tayari kutoa kiungo ukiwa hai, uko tayari ukishafariki, dini yako inaruhusu. Walimu tukipewa mtihani tunajulikana. Nilikaa katikati ya madam mmoja wa Kiswahili na sir mmoja wa Hesabu, wote watatu tukaweka tiki ya ndio kwenye "uko tayari" bila hata kupumua, maana jirani anakuchungulia na nani anataka kuonekana mchoyo wa figo asubuhi asubuhi. Hizi tafiti zinazosema walimu wana mtazamo mzuri sana kuhusu kuchangia viungo mi sizikatai, ila nimeona kwa macho yangu tiki inavyopatikana. Ile ndio ya kwenye karatasi ni ya adabu.

Baadaye daktari, yaani mwezeshaji mkuu, akauliza yale yale kwa mdomo na hapo ndo ukweli ukatoka. Nani angempa mwanae figo? Mikono yote juu, wengine mpaka mikono miwili. Ndugu yako wa tumbo moja? Mikono mingi, ila inapanda polepole, na sauti kutoka nyuma ikauliza "ndugu yupi kwanza?" Mwalimu mwenzako wa ofisi moja? Kimya, watu wanatazama viatu. Ukishafariki, apewe mtu usiyemfahamu? Hapo yakawa makelele na daktari ikabidi agonge meza.

Kwenye upande wa kujua, aisee, tuko nyuma. Wengi wetu bado tuliamini ukiambiwa figo basi ni India, na kwenye ofisi zetu kadi za michango za "safari ya India" zinaendelea kuzunguka. Kumbe Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, wakishirikiana na madaktari wa kutoka India, na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata Machi 2018. Ukumbi mzima ukafanya "eeeh?" Na hapa tunazungumzia watu wanaoishi chini ya KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo tangu 1971, watoto wetu wamezaliwa pale, wazazi wetu wanatibiwa pale, na habari za figo hatuna. Daktari akaongeza harakaharaka kwamba Benjamin Mkapa kuanzia 2023 wanapandikiza pia uloto (ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu, yaani sickle cell, uloto unatoka kwa ndugu wa mtoto, halafu akapita kama vile ni tangazo la biashara. Mi ningemshika shati. Nani kati yetu hana mtoto wa selimundu darasani, yule anayekosa shule kila baridi ya Julai ikiingia? Hapo ndo pa kutulia na walimu, sio pa kukimbia.

Kilichomuokoa daktari ni hadithi ya mapacha. Tarehe 23 Desemba 1954, Boston huko Marekani, kijana anaitwa Ronald Herrick alimpa figo pacha wake Richard aliyekuwa anakufa, wakiwa wanafanana kila kitu, na ndo maana mwili haukuikataa, maana enzi hizo dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo hazikuwepo za kueleweka. Daktari aliyeongoza upasuaji, Joseph Murray, akaja kupewa Nobel mwaka 1990. Richard akaishi miaka 8 zaidi, akamuoa nesi aliyemhudumia, wakapata watoto. Na Ronald, mwenye figo moja, akawa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi mpaka akastaafu, akafariki 2010 akiwa na miaka 79. Sir wetu wa Hesabu alisimama akapiga makofi peke yake. Kwa ukumbi wa walimu hadithi hii ina nguvu kuliko slaidi zote, maana wote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kwamba ukitoa moja wewe ndo unafuata.

Lakini nyota wa siku ni sista, nesi wa kitengo cha kusafisha damu. Hakuwa na slaidi. Alichukua makapeni akachora tumbo la mtu kwenye karatasi kubwa ya ukutani, mchoro mbaya kweli, akaweka figo mbili huku nyuma juu kidogo ya kiuno, halafu akachora ya tatu huku chini mbele, karibu na nyonga. Akasema figo mpya inawekwa hapa, na zile za zamani kwa kawaida haziondolewi, zinaachwa zilivyo. Sir wa Hesabu akanyoosha mkono, "kwa hiyo sista, mgonjwa anakuwa na figo tatu?" Tatu. "Na aliyetoa anabaki na moja?" Moja. Akaandika kwenye daftari lake kama vile anataka kuhakiki jumla.

Akaeleza maisha ya mtu wa kusafishwa damu, yaani ambaye figo zimegoma na mashine inafanya kazi yake: kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara masaa kama manne kwenye mashine. Akamgeukia madam, "wewe una vipindi vingapi kwa wiki? Toa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, niambie utafundisha nini." Madam hakuwa na jibu. Akatuambia pia, na hili wengi hawalisemi, kwamba kupandikizwa sio kupona moja kwa moja, utameza dawa za kutuliza kinga maisha yako yote ya hiyo figo, kila siku, kwa saa, ukiacha mwili unaikataa. Na anayetoa sio yeyote mwenye huruma: awe mtu mzima, asiwe na presha wala sukari ya kumuweka hatarini, kundi la damu liendane, vipimo vya tishu vifanyike, figo zote mbili zipigwe picha. Nikauliza kuhusu hasi na chanya ya damu maana wanafunzi wananiuliza kila mwaka, akasema kwenye figo hiyo haina shida, kinachoangaliwa ni A, B na O. Na ile inayobaki inatanuka kidogo na kuongeza kazi. Nilifurahi kama mtoto, nimeshaipeleka kidato cha tatu.

Halafu akatupiga na kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Akauliza nani hapa anatembea na diklo kwenye mkoba. Jamani. Tunasimama siku nzima, migongo imekufa, kila ofisi ya walimu ina droo ya diklofenaki na ibuprofeni tunazogawiana kama pipi. Akasema hizo mkizila kila siku bila kuandikiwa na daktari ndo mnajitafutia kitanda kwangu, hasa mwenye presha. Presha na kisukari ndo vinaongoza kuua figo, watu wanasubiri miguu ivimbe. Madam akafunga mkoba wake taratibu. Hii robo saa peke yake kwangu ilirudisha elfu kumi na tano.

Na ni sista huyo huyo aliyegusa jambo ambalo mi naona ndo lenyewe kwa watu wa huku kwetu. Dodoso linauliza "je, uko tayari kutoa?" kana kwamba mtu anakaa peke yake na figo zake anaamua. Huku haiko hivyo. Mgonjwa akiambiwa anahitaji figo kinaitishwa kikao cha ukoo, baba mkubwa anakaa kwenye kiti, wanahesabiwa watoto, huyu ana familia, huyu ndo anasomesha, huyu mlevi, na macho yote yanahamia kwa binti ambaye hajaolewa. Tena akiwa mwalimu ndo kabisa, ana bima, ana likizo ya Desemba. Dada mmoja kutoka wilaya ya Hai alisema yalimkuta hivyo hivyo, kaka yake ndo mgonjwa, na hakuna mtu aliyemuuliza, aliambiwa tu tarehe ya kwenda kupima. Hakutoa mwishowe kwa sababu za vipimo, na mpaka leo kuna shangazi hamsalimii. Ukumbi ukatulia kabisa. Sista akasema utaratibu unaotakiwa ni mchangiaji aongee na wataalamu peke yake, bila ndugu mlangoni, aulizwe kama kuna mtu anamlazimisha au amemuahidi kitu, na ana haki ya kubadili mawazo mpaka dakika ya mwisho kabla ya upasuaji. Mi nasema hili ndo lingekuwa swali la kwanza la dodoso. Mwalimu hakosi huruma. Anakosa kujua kwamba anaweza kusema hapana, na vile vile kwamba akisema ndio inabidi iwe yake.

Kwenye dini nilitegemea vita, haikutokea. Mwalimu mmoja wa Maarifa ya Uislamu alikuja amejiandaa, akasema baraza la fiqhi la kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kwa masharti, mtoaji asidhurike na isiwe biashara. Katekista mmoja akakumbusha Papa Yohane Paulo wa Pili alivyoongea na wataalamu wa upandikizaji kule Roma mwaka 2000 akaiita tendo la kweli la upendo. Walutheri walikuwa wengi kama kawaida ya huku na hakuna aliyepinga. Dakika kumi dini ikawa imeisha.

Kizuizi kiko kwingine, na hapo daktari aliniangusha. Mwalimu wa Arusha akasema hivi: mi nasafiri hii barabara kila wiki, nikisaini hayo makaratasi halafu nikapata ajali pale Kikatiti, si wataniacha nife ili wachukue vitu vyao? Swali la haki kabisa. Mwingine akaongezea zile tuhuma za Eldoret huko Kenya za mwaka 2025, vijana kuuza figo, kila mtu aliziona kwenye simu. Daktari akasema "tusiingie huko" akabonyeza slaidi inayofuata. Ndugu yangu, hapo ndo ulitakiwa uingie! Sista tena akainuka kujibu: madaktari wanaokuhangaikia wewe wanatakiwa wawe tofauti kabisa na wale wa upandikizaji, kuuza kiungo kimekatazwa na mashirika ya afya ya kimataifa, na kwa hapa kwetu kinachofanyika Muhimbili na Dodoma ni figo ya ndugu aliye hai anayetembea kwa miguu yake, kwa hiyo ya ajali yako Kikatiti haichukuliwi na mtu. Watu wakapumua.

Vivyo hivyo kwenye ubongo kufa. Slaidi ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo, na watu wakaanza hadithi za fulani aliyekaa koma akaamka anaomba uji. Ni vitu viwili tofauti. Kwenye koma ubongo bado unafanya kazi na mtu anaweza kurudi. Ubongo ukishakufa hakuna kurudi, moyo unadunda kwa sababu mashine inapumua kwa niaba yake, na ndo maana kwenye nchi zinazochukua viungo kwa marehemu vipimo hivyo vinafanywa kwa masharti makali. Hili lilihitaji saa nzima na mchoro. Limepewa dakika chache.

Saa nzima, tena na ziada, ikapewa Hispania. Sina ugomvi na Hispania, wana sheria tangu 1979 inayomhesabu kila marehemu kuwa alikubali kama hakuwahi kukataa, ingawa hata huko wanakaa na familia kwanza, na ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Inavutia. Lakini baada ya hapo zikaja kadi za wachangiaji za Uingereza, tovuti za kujiandikisha, ramani za ndege zinazobeba viungo, wakati sisi tuko Moshi na hizo kadi hatuna pa kuzipeleka. Pembeni yangu madam alikuwa anasahihisha insha chini ya meza, na simlaumu.

Tena hata wangetaka kuongelea viungo vya marehemu wangeanza na msiba wa kwetu. Mchagga anasafirishwa kutoka Mwanza, kutoka Dar, kutoka popote, azikwe kihambani kwao kwenye migomba, na ndugu wanataka mtu arudi nyumbani mzima. Mzee mmoja alisema yeye hana shida kutoa macho yake lakini nani atamwambia mke wake wakati wa kumuaga. Watu walicheka ila alikuwa hatanii. Daktari akajibu kwamba mwili unashonwa vizuri na hauonekani tofauti, na jibu ni sahihi, ila mzee aliuliza kuhusu mke.

Kilichokosekana kabisa ni vifaa vya kwenda navyo darasani. Ukiwaita walimu, wape kitu cha kufundishia, hata karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro wa sista. Tulitoka mikono mitupu na peni yenye nembo. Na walikuwa na daraja limeshajengwa: wale wa Damu Salama wakija shuleni kukusanya damu ni sisi tunapanga foleni, tunajua kabisa mtoto hatoi mpaka afike miaka 18 na kilo 50, mwanaume anarudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyechangia damu ameshaelewa nusu ya somo la figo, kumtoa pale ni rahisi. Hakuna aliyelitaja. Pia sikumuona mtu mmoja aliyewahi kutoa figo akaja kusimama mbele yetu, na wapo, hawajifichi.

Dodoso likarudi tena mwisho wa siku, maswali yale yale. Safari hii nilimuona madam anafuta tiki yake ya "uko tayari ukishafariki" na kuihamishia "sijaamua", na kwenye "ukiwa hai" akaacha ndio yake akaikoleza na peni. Kwenye hesabu zao ataonekana amerudi nyuma. Mi naona huyo ndo aliyeelewa somo.

Nyota tatu na nusu kati ya tano, tatu za sista, nusu ya mapacha. Nasikia wanaipeleka Arusha likizo ijayo, kwa hiyo kabla ya kulipa pigeni simu muulize kama yule sista wa kusafisha damu yupo kwenye ratiba, wakisema hayupo subirini awamu nyingine. Mkilipa, lipeni kwa namba ya kikundi sio ya mtu binafsi, na risiti muiombe hapo hapo, wana tabia ya kusema tutatuma.